CDL Marekani: ujilipie shule, uende chuo cha jamii, usomeshwe na kampuni, au uombe pesa za serikali?

Mtu amechoka na kazi ya ghala, amesikia kwamba dreva wa lori kubwa halali njaa, basi anaanza kuulizia CDL, yaani leseni ya kuendesha magari makubwa ya kibiashara. Jirani anamwambia, "Lipa shule mwenyewe, wiki nne umemaliza." Shemeji anamwambia, "Pesa ya nini? Kampuni itakusomesha bure." Shirika lililompokea alipofika nchini linamwambia serikali ina fungu la mafunzo. Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anasimulia kipande alichokipitia yeye. Kila njia ina deni lake: moja inataka pesa zako, nyingine inataka miezi yako, nyingine inataka subira. Ukishajua ni deni gani unaloweza kulibeba bila kuumia, kuchagua hakutakusumbua sana.

Maswali matano ya kupimia

Nitazipima njia zote nne kwa maswali yaleyale. Ni pesa ngapi zinatoka mfukoni kabla hujapokea mshahara? Ni muda gani hadi mshahara wa kwanza? Utaushika usukani kwa saa ngapi za kweli? Ukishapata leseni, unabaki unadaiwa nini na nani? Na mwisho, inamfaa nani? Swali la tatu na la nne ndiyo watu husahau kuuliza, na ndiyo yanayowaliza baadaye.

Yasiyokwepeka, njia yoyote utakayoshika

CDL ya Daraja A ndiyo ya kuvuta trela kubwa: lori na trela vikiwa na uzito wa paundi 26,001 au zaidi kwa pamoja, na trela yenyewe ikizidi paundi 10,000. Daraja B ni ya gari moja zito lisilovuta trela kubwa, kama lori la taka, la zege au basi. Kozi ya B ni fupi na nafuu, na kazi zake nyingi zinakurudisha nyumbani jioni. Kama tayari unajua familia yako haiwezi kukaa bila wewe wiki nzima, ifikirie B kabla hujatoa karo ya A.

Kabla ya kupanda lori unahitaji cheti cha afya kutoka kwa mpimaji aliyesajiliwa na serikali kuu. Cheti hudumu hadi miezi 24, ila mwenye presha ya juu hupewa cha muda mfupi zaidi. Kisha unafanya mtihani wa maandishi na kupata kibali cha mwanafunzi, kinachojulikana kama CLP. Lazima ukae na kibali hicho siku 14 ndipo uruhusiwe kufanya mtihani wa vitendo. Kwa hiyo anayekuahidi CDL ndani ya wiki moja kuanzia sifuri anakudanganya.

Tangu Februari 7, 2022, kuna kanuni ya mafunzo ya lazima iitwayo ELDT kwa kila anayetafuta Daraja A au B kwa mara ya kwanza. Shule lazima iwe kwenye rejista ya serikali kuu, na shule yenyewe ndiyo inayoingiza taarifa kwamba umemaliza. Taarifa isipokuwepo, jimbo halikupi mtihani wa vitendo, hata uwe fundi kiasi gani. Mwishoni mwa 2025 serikali ilitangaza kwamba inaondoa karibu shule na watoa mafunzo 3,000 kwenye rejista hiyo, kwa hiyo angalia jina la shule wiki ileile unayotaka kulipa. Usitegemee alichokuambia rafiki aliyesoma pale miaka mitatu iliyopita. Jambo jingine: kanuni hiyo haikuweka idadi ya chini ya saa za kuendesha. Inataka mwalimu aridhike kwamba unaweza. Shule nzuri na shule ya ovyo zote zinapita kwenye mlango huohuo.

Kipimo cha dawa za kulevya nacho hakina mjadala. Bangi inakuangusha hata kama jimbo lako linairuhusu, na jina lako linaingia kwenye hifadhidata ya taifa ambayo kila mwajiri wa madereva lazima aitazame kabla ya kukuajiri.

Halafu lugha. Mtihani wa vitendo hufanywa kwa Kiingereza, bila mkalimani. Na tangu Juni 25, 2025, dreva akisimamishwa na mkaguzi akashindwa kujibu maswali ya kawaida au kuelewa alama za barabarani kwa Kiingereza, anaweza kuondolewa barabarani papo hapo. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu wengi wetu Kiingereza cha ghalani kinatutosha kazini, lakini hakitoshi kueleza hitilafu ya breki mbele ya askari. Kuhusu makaratasi: kama wewe si raia wala mkaazi wa kudumu, ujue kwamba kanuni za kukupa CDL zilikazwa Septemba 2025 na zikafikishwa mahakamani. Ulizia ofisi ya leseni ya jimbo lako kwanza. Karo ije baadaye.

Njia ya kwanza: shule binafsi, unajilipia

Karo ya Daraja A kwa kawaida ni kati ya dola 3,000 na 8,000, kutegemea mji na shule. Ongeza cheti cha afya, kibali, ada ya mtihani, na kile ambacho wengi hawakihesabu: kodi ya nyumba na chakula cha wiki hizo unazosoma bila kufanya kazi. Shule nyingi zinakubali kulipwa kwa awamu. Wengine wanakukopesha kwa riba, na hapo "kujilipia" kunageuka kuwa kudaiwa na benki.

Kwa wakati, hii ni njia ya haraka: wiki tatu hadi tano kwa anayesoma mchana kutwa. Kuna shule zenye madarasa ya jioni na wikendi, ambapo muda unarefuka lakini unabaki na kazi yako.

Suala la usukani ndilo linalotenganisha shule na shule. Kabla ya kulipa, nenda uwanjani siku ya kazi, asubuhi, usimame kando ya uzio uangalie. Hesabu malori yanayosogea, kisha hesabu wanafunzi waliosimama mikono mfukoni. Ukiona wanafunzi wanane wanasubiri lori moja, na kila mmoja anajaribu kurudisha trela katikati ya koni mara moja kisha anashuka, umeshapata jibu. "Kozi ya saa 160" inaweza kuwa na saa nyingi za darasani na za kutazama wenzako. Uliza hivi: mimi peke yangu nitashika usukani saa ngapi? Nikifeli mtihani, marudio ya mafunzo ni bure? Lori la mtihani ni la gia au la otomatiki? Ukifanyia mtihani kwenye otomatiki, leseni yako inawekewa kizuizi cha kutoendesha malori ya gia. Kampuni nyingi kubwa sasa zina otomatiki tupu, lakini kama unaota kazi ya mashambani au kwenye machimbo, kizuizi hicho kitakufungia milango.

Uhuru baada ya leseni ndiyo faida kubwa hapa. Hudaiwi na kampuni yoyote, unachagua kazi unavyotaka. Zaidi ya hayo, zipo kampuni zinazowarudishia madereva wapya karo kidogo kidogo kila mwezi wakiwa kazini kwao. Ukiacha kazi malipo yanakoma, lakini hakuna anayekudai.

Inamfaa mwenye akiba ya karo pamoja na ya kuishi mwezi mmoja na nusu, na ambaye tayari anaijua kazi anayoitaka, hasa ya karibu na nyumbani.

Njia ya pili: chuo cha jamii

Vyuo vya jamii vingi vina kozi ya CDL, na kwa mkaazi wa eneo hilo karo mara nyingi ni nafuu kuliko shule binafsi. Unaweza pia kujaza fomu ya FAFSA kuona kama unastahili msaada wa masomo. Kuna mtego mmoja. Msaada wa Pell, yaani pesa za masomo za serikali kuu zisizorudishwa, ulikuwa hauzigusi kozi fupi, na ingawa sheria ya 2025 iliufungua kuanzia Julai 1, 2026, ni kwa kozi za wiki 8 hadi chini ya 15 zenye saa 150 hadi 599. Kozi ya wiki nne haifiki hapo. Uliza chuo kozi yao ina wiki ngapi na saa ngapi kabla ya kujipa matumaini.

Muda ni mrefu zaidi. Kozi zinafuata kalenda ya chuo, na mahali pengine kuna orodha ya kusubiri. Anayehitaji mshahara mwezi ujao ataona hapafai.

Usukani: chuo hakina haraka ya kukutoa, kwa hiyo wanaoshika gari polepole hupata nafuu. Na kuna jambo ambalo kwangu lina thamani kubwa kwa mtu anayejifunza kwa lugha ya tatu au ya nne: chuo hichohicho mara nyingi kina madarasa ya Kiingereza, mengine bila malipo. Fikiria ukaguzi wa gari kabla ya safari, sehemu ya kwanza ya mtihani. Unalizunguka lori ukigusa sehemu moja moja na kueleza kwa mdomo unachokiangalia: haijapasuka, haijalegea, haivuji. Ukifika kwenye breki za upepo, unazima injini, unakanyaga pedali, unatazama mshale dakika nzima, na unamwambia mtahini kwamba lori na trela havipaswi kupoteza zaidi ya paundi nne za mgandamizo. Watu wenye mikono mizuri kabisa wamefeli hapo kwa sababu maneno yaligoma.

Uhuru ni uleule wa njia ya kwanza: huna mkataba na mtu. Inamfaa mwenye kazi nyingine ya kumshikilia wakati anasoma, na anayetaka lugha na udereva vikue pamoja.

Njia ya tatu: kampuni inakusomesha kwa mkataba

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopitia na ndipo maumivu mengi yanapotoka.

Mlangoni hulipi kitu, au unalipa kidogo sana. Kampuni inakukatia tiketi ya basi, inakulaza hoteli mnashirikiana chumba, na mafunzo yanaanza. Lakini neno "bure" lina tafsiri yake kwenye karatasi: karo imeandikwa kama deni lako, na kampuni inalifuta ukitimiza muda waliouandika, mara nyingi karibu mwaka mmoja, au maili kadhaa. Kampuni nyingine hukata sehemu ya karo kwenye mshahara wa kila wiki. Mshahara wenyewe katika kipindi cha mafunzo huwa mdogo, na wa mwaka wa kwanza kwa kawaida huwa chini ya wa dreva aliyekuja na leseni yake.

Kwa muda, hii ndiyo njia fupi ya kutoka kutokuwa na kitu hadi kupokea hundi. Baada ya wiki chache za shule na mtihani, unapangiwa dreva mkufunzi na mnaondoka barabarani.

Kwenye usukani, kampuni inazishinda nyingine zote, na haki yao tuwape. Shule inakufundisha kupita mtihani. Wiki za kuwa na mkufunzi zinakufundisha kushuka mlima ukiwa na mzigo, kuendesha kwenye theluji, kutafuta maegesho saa tano usiku, na kurudisha trela kwenye mlango wa ghala huku madereva wengine wakikutazama. Ila mnaishi wawili kwenye kibanda kidogo cha lori, yeye analala wewe ukiendesha, na tabia ya mkufunzi inaweza kuyafanya mafunzo yawe mema au mabaya. Wanawake hasa waulize mapema: naweza kuomba mkufunzi mwanamke? Nikitaka kubadilishiwa, nampigia nani, na nitafikaje nyumbani?

Sasa mkataba. Soma, au usomewe na mtu anayekielewa Kiingereza cha mikataba, na utafute majibu ya mambo haya. Mwaka unaanza kuhesabiwa siku gani: ulipopata CDL, au ulipomaliza na mkufunzi? Ukiondoka mwezi wa tisa, unadaiwa karo yote au sehemu iliyobaki? Kampuni ikikufukuza yenyewe, deni linabaki? Ukiugua, au cheti chako cha afya kikikataliwa, je? Je, deni lina riba? Nimeshaona karatasi inayosema deni zima linadaiwa mara moja siku unapoondoka, kwa sababu yoyote ile. Maneno hayo "kwa sababu yoyote" yana uzito kuliko kurasa zote za mwanzo. Wakala wa kudai madeni haulizi kama uliondoka kwa sababu mtoto alilazwa.

Jambo la mwisho kwenye njia hii: ukishamaliza mafunzo, wapo watakaokuambia uchukue lori kwa mpango wa kukodisha hadi liwe lako. Unaitwa mwenye biashara, lakini mizigo inatoka kwao, lori ni lao, na makato ya kila wiki yanakuja hata wiki ambayo hukupata mzigo. Jopo lililoundwa na serikali kuu kuichunguza mipango ya aina hiyo lilipendekeza mwaka 2025 ipigwe marufuku. Dreva wa miezi mitatu hana sababu ya kusaini.

Njia hii inamfaa asiye na akiba, asiye na mtu wa kumtunza nyumbani kwa wakati huu, aliyetimiza miaka 21 (chini ya hapo, kwa kawaida unaruhusiwa kuendesha ndani ya jimbo lako tu, na kampuni za safari ndefu hazikuhitaji), na ambaye kwa moyo mmoja anakubali kukaa mwaka pale, hata siku mbaya.

Njia ya nne: pesa za serikali kupitia WIOA

WIOA ni sheria ya mwaka 2014 inayolipia mafunzo ya kazi. Mlango wake ni ofisi zinazoitwa American Job Center, ambazo ziko kila jimbo. Walengwa wakuu ni watu wazima wa kipato cha chini na walioachishwa kazi, na wakimbizi na wakaazi wa kudumu wenye kibali cha kufanya kazi wanaweza kuomba. Wanaume wanaotakiwa kujisajili Selective Service, daftari la serikali la wanaoweza kuitwa jeshini, wawe wamejisajili.

Pesa inakwenda moja kwa moja shuleni, nayo shule lazima iwe kwenye orodha ya jimbo. Mara nyingine ofisi inasaidia pia nauli, cheti cha afya, ada ya kibali, hata malezi ya mtoto, lakini mpaka uulize. Kosa la kuepuka: usianze shule kabla ya kupata idhini kwa maandishi, ukidhani watakurudishia. Usitegemee kurudishiwa karo uliyolipa kabla ya idhini.

Muda ndio gharama yake. Mahojiano, nyaraka, mtihani wa hesabu na kusoma, kusubiri. Zinaweza kuwa wiki, zinaweza kuwa miezi. Mwaka wa bajeti unaanza Julai 1, hivyo anayeomba mwezi wa tano anaweza kukuta fungu limekauka. Usukani unategemea shule uliyochagua kwenye orodha, kwa hiyo kile kipimo cha kusimama kando ya uzio kinakuhusu na wewe. Baada ya leseni hudaiwi chochote. Watakupigia tu kuuliza kama umepata kazi.

Inamfaa mwenye subira na nyaraka zilizokamilika, hasa aliyeachishwa kazi hivi karibuni.

Ukiwa kwenye hali hii, anzia hapa

Kama umeachishwa kazi na bado una kitu cha kukusogeza miezi miwili mitatu, nenda American Job Center kabla ya kuongea na shule yoyote. Ukikataliwa, hujapoteza kitu, na njia nyingine tatu bado zipo.

Una watoto wadogo na hakuna wa kubaki nao? Usisaini mkataba wa kampuni ya safari ndefu kwa kutumaini kwamba mambo yatajipanga. Jilipie polepole darasa la wikendi, au chukua Daraja B utafute kazi ya mjini.

Kiingereza kikiwa ndicho kikwazo, chuo cha jamii, hata kama mwezi wa kwanza utakuwa wa lugha tu.

Hujaoa au hujaolewa, mfuko mtupu, na unataka kuona nchi? Kampuni. Linganisha mikataba ya kampuni tatu, uitishe nakala kamili kwa barua pepe kabla ya kupanda basi lao. Wakisema utaiona ukifika, tafuta kampuni nyingine.

Una dola 5,000 benki na hakuna kingine? Hapo wengi hujilipia, na wengi huishiwa wiki ya tatu. Gawa pesa hiyo kwanza: kodi ya miezi miwili pembeni. Kinachobaki kikitosha karo, endelea. Kisipotosha, fungua ombi la WIOA wiki hii, na wakati unasubiri jibu fanya cheti cha afya, usomee kitabu cha jimbo, upate kibali. Siku 14 zitakuwa zimeshapita kabla hujaingia darasani.